Neno Nililolikata Mwaka wa Puto

Gehandu, mchana, siku moja kabla hujaondoka

Agnesi,

Sikuulizi hali yako. Nimekuona leo asubuhi ukimaliza uji bakuli mbili na kulamba kijiko, kwa hiyo najua u mzima. Mimi pia ni mzima, isipokuwa magoti, na habari za magoti yangu unazijua kuliko daktari. Salamu tuziache hapo.

Umekwenda Nangwa kuwaaga wenzako na umesema utarudi jioni. Nimerudisha mlango, nimechukua daftari lako la zamani lenye kurasa zilizobaki, naandika. Usicheke mwandiko. Niliupata ngumbaru, tukifundishwa na kijana mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, na tuligombana kila siku kwa sababu alitaka nishike kalamu kama mtu anayeshika sindano. Mimi niliishika kama ninavyoshika fimbo. Bado inaandika.

Nitaiweka barua hii chini kabisa ya sanduku, chini ya sweta ulilonunua Mbulu ulipokuwa sekondari. Najua basi likishaipita Singida utaanza kusikia baridi ya dirishani na utalitafuta hilo sweta. Hapo utasoma. Ningeweza kukwambia kwa mdomo, lakini mdomo wangu unaujua. Ningeanza vizuri, wewe ungelia, na mimi ningekugombeza kwa sababu unalia, halafu neno lenyewe lingebaki tumboni kwangu kama lilivyobaki miaka yote hii.

Habari za kula, kufua, simu na wavulana sitaandika. Shangazi zako wamekwambia. Mzee Salimu wa dukani Katesh amekwambia. Hata yule kijana wa boda boda aliyekuleta juzi alisimama hapa uwanjani kwangu akakuhubiria nusu saa, sijui nani alimtuma. Mimi nina jambo moja, na ni langu, si lako.

Juzi ulipofungua ile karatasi ya kuitwa chuo cha hali ya hewa, uliisoma kwa sauti mpaka ukafika kwenye majina ya walimu. Hapo ukanyamaza. Nikakuuliza kuna nini. Ukasema, "Bibi, yule mtu yupo." Hukusema baba. Tangu ulipokuwa mdogo hujamwita baba, na mimi nilikuwa nakusikia na sikukurekebisha. Kisha ukasema, "Ndiye atakayetufundisha mambo ya puto. Nitakaa darasani kwake, nitaandika anachosema, lakini shikamoo yangu hataipata."

Nilikuwa nachambua maharage. Nikasema, "Haya." Basi. Bibi yako ambaye ukisahau kumwamkia mzee yeyote njiani anakurudisha hatua mia ukaamkie, alisikia unakusudia kumnyima baba yako shikamoo mbele za watu, akasema haya na kuendelea na maharage.

Sasa nisikilize. Baba yako hakukuacha. Mimi ndiye niliyemfukuza. Niliyokuambia kuhusu yeye, kwamba alipenda mapira yake ya hewani kuliko mtoto wake, kwamba alipanda gari asigeuke nyuma, niliyatunga mwenyewe, na kila mwaka niliyaongezea kidogo.

Nianze mbali kidogo, ili umjue. Baba yako, mwanangu Tomasi, alipokuwa darasa la tano pale Nangwa, mwalimu mmoja alimpa kazi ya kuangalia kopo la kupimia mvua lililosimamishwa uwanjani mwa shule. Kila siku saa tatu asubuhi alitakiwa amimine maji yaliyomo kwenye kipimo, aandike. Hata Jumapili. Hata likizo. Siku moja ya likizo aliwaacha ndama wangu porini akakimbia Nangwa kusoma kopo, na ndama mmoja akaliwa na fisi. Nilimchapa sana. Sikumchapa kama mtu anayefundisha, nilimchapa kama mtu anayelipiza. Kesho yake aliamka mapema zaidi, akawapeleka ndama kwa jirani, akawakabidhi kwa heshima zote, kisha akaenda Nangwa kusoma kopo. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba kwenye daftari la mvua la shule ile hakuna siku hata moja iliyoachwa wazi mwaka ule. Nikamjibu kwamba ndama hafufuki kwa daftari. Nilijiona nimejibu vizuri sana.

Akaenda chuo, huko huko unakokwenda wewe. Akaajiriwa. Akawa mtu wa kurusha puto. Akamwoa mama yako, ukazaliwa, na mama yako alipofariki ukiwa na miaka mitatu akakuleta kwangu ukae mpaka apate utaratibu. Mwaka uliofuata alipata kitu kizuri kuliko utaratibu: wakubwa wake walikubali aje kupima hewa ya huku kwetu, juu ya mbuga za Hanang, ambako mawingu hufika, hutuangalia, hupita. Alikuja na wenzake wawili, lori, mitungi ya gesi na hema kubwa. Wakapiga kambi kule kwenye tambarare karibu na Balangida, mahali ambapo ziwa likikauka huacha chumvi nyeupe na upepo hauzuiliwi na kitu. Watu wa huku hata leo wakihesabu umri wa watoto wanasema huyu alizaliwa mwaka wa puto.

Kila asubuhi na kila alasiri walirusha moja. Nilikwenda kuona, nilikupeleka mgongoni. Hujui, ulikuwa umelala. Tulipofika aliniuliza kama nina kiberiti kwenye nguo. Nikamwambia sina. Akasema, "Mama, toa." Nikatoa. Gesi ile ni kali, cheche moja tu hema lote linaondoka. Puto lenyewe ni laini kama ngozi ya ndama ambaye hajakauka, walilishika kwa glovu ili kucha zisilitoboe. Chini yake kuna mwavuli mdogo wa karatasi, kamba ndefu, na mwisho wa kamba kisanduku chepesi cheupe. Kisanduku hicho kikipanda kinapima joto, unyevu, upepo, na kila mara kinatuma habari kwenye kompyuta yao hemani. Puto likifika juu sana linavimba mpaka linakuwa kubwa kama nyumba, kisha linapasuka, na kisanduku kinashuka na mwavuli wake popote kitakapoangukia. Wewe utayajua haya vizuri kuliko mimi. Nakuandikia ili ujue kwamba mimi niliyajua. Alinieleza na nikaelewa.

Siku ile alinipa kamba mkononi. Akasema, "Mama, wewe achia." Wenzake walicheka, si kwa dharau. Nikaachia. Likapanda moja kwa moja, halafu upepo ukaligeuza kuelekea mlimani, likawa dogo kama punje, mpaka sikuliona. Shingo iliniuma siku mbili. Sikumwambia kwamba nimefurahi. Nilimwambia, "Kwa hiyo serikali inakulipa kutupa vitu." Akacheka tu. Alikuwa amezoea kunisikia mimi na kuelewa kitu kingine.

Baada ya wiki kadhaa alikuja jioni wakati wa kukamua. Akasimama kwenye mlango wa zizi, akaniamkia, akangoja mpaka nikamaliza ng'ombe niliyekuwa naye. Kisha akasema, "Mama, hewa ya juu ni kavu sana. Mvua haitanyesha kwa wakati wake mwaka huu, na ikija itakuwa kidogo. Uza nusu ya ng'ombe sasa wakiwa bado na nyama. Na uwaambie majirani."

Nikamuuliza ameyapata wapi. Akasema kwenye puto. Nikamuuliza kama puto limewahi kukamua. Tena nikamwambia maneno ya kusema mvua haitanyesha si maneno ya mtu kutamka zizini kwa mama yake, ni kama kuiombea. Hakukasirika. Aliuliza, "Mama, wewe ukimtazama ng'ombe mgongoni na tumboni ukasema huyu mwaka huu hatazaa, ni wewe uliyemfunga kizazi?"

Nikasema hapana.

"Basi na mimi sijafunga kitu. Nimetazama tu."

Agnesi, nilielewa. Nataka uelewe kwamba nilielewa. Nimewahi kusikia wasomi wakiieleza hali ya hewa redioni kwa saa nzima na hakuna aliyeieleza vizuri kama mwanangu alivyoieleza pale mlangoni kwa maneno mawili. Nilielewa na sikuuza hata mmoja. Kwa sababu gani? Kwa sababu mimi ni mimi. Kundi langu lilikuwa kubwa kuliko la wanaume wengi hapa Gehandu, na nilifikiria watakavyosema: yule mama amemuogopa mtoto wake na pira lake, ameuza. Na majirani sikuwaambia kwa sababu kama ningewaambia wakauza, halafu mvua ikanyesha, ningechekwa mpaka kaburini. Nikanyamaza. Nikangoja nione.

Nikaona. Mwezi wa mvua ukapita bila mvua, ukaja mwingine. Majani yakawa mavumbi. Ng'ombe wakaanza kulala wasiweze kuamka, tukawa tunawainua asubuhi watu wanne, mkia na pembe, mpaka siku ambayo tunawainua na wanarudi chini. Wengi wa wale walikuwa wangu, lakini wengine walikuwa wa watu, waliwekwa kwangu kwa kuaminiana kama tunavyowekeana. Walikufa kwenye zizi langu. Nilikuwa natembea kichwa chini nisikutane na mtu atakayeniuliza.

Hapo ndipo kisanduku kikaanguka.

Kiliangukia uwanjani kwa jirani yetu wa upande wa bondeni, mwanamke aliyekuwa amejifungua siku chache zilizopita, bado yuko ndani. Unajua kwetu nyumba ya mzazi haisogelewi na kitu cha mwanaume, na hiki kilishuka na kamba yake ikazunguka paa mara mbili, na lile puto lililopasuka likaning'inia mlangoni. Lilikuwa kosa dhidi ya wanawake, na kosa la namna hiyo huwa linaamuliwa na wanawake. Tukavaa sketi zetu za ngozi, tukashika fimbo, tukakusanyika uwandani. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wanaosikilizwa. Usidhani wewe ni wa kwanza katika ukoo huu kuwa mtu wa maana.

Lingekuwa jambo dogo. Mwanaume anatozwa dume la ng'ombe, analeta, wanawake wanakula, yameisha. Tomasi mwenyewe alishatuma neno kwamba amekosa na atatoa. Lakini wanawake wale wote walikuwa wametoka kwenye mazizi yenye mizoga. Mmoja akasema mvua imekataa tangu hayo mapira yaanze kupanda. Mwingine akasema ameona kwa macho yake wingu likigawanyika. Nikaona maneno yanavyokwenda, na nikaona kwamba ni mimi peke yangu pale ninayeweza kuyasimamisha.

Udagamoi, ambaye wakati ule ndiye alikuwa akituongoza, akanigeukia. Akasema, "Wewe ni mama yake. Hakukuambia lolote kuhusu mvua?"

Nami nikahesabu haraka, kwa kuhesabu mimi ni hodari. Nikisema aliniambia niuze na niwaambie majirani, basi mimi ndiye mjinga niliyeua kundi langu na ng'ombe wa watu, na zaidi ya hapo mimi ndiye niliyeficha neno ambalo lingewaokoa wao wote. Nikisema hakuniambia, wapo waliomwona siku ile akitoka zizini kwangu.

Nikasema, "Aliniambia. Alisimama kwenye mlango wa zizi langu akasema mvua haitanyesha."

Nikaishia hapo. Sikusema "kwa wakati wake". Sikusema aliniambia niuze, sikusema aliniambia niwaambie majirani. Kila nililolitamka lilikuwa limetoka kinywani mwake kweli, na kwa hiyo sikuweza hata kujiita mwongo. Nilikata tu.

Kelele zilizotokea sijawahi kuzisikia tena. Wakamwita. Alikuja akitembea kutoka kambini, amevaa kofia ile ya kazini, amebeba madaftari kama mtu aliyedhani atatakiwa kueleza vipimo. Akaambiwa mama yake amesema nini. Hakuwatazama wao. Alinitazama mimi, akangoja, kama alivyongoja siku ile nimalize kukamua.

Akasema, "Mama, malizia."

Nikasema, "Nimemaliza."

Akasema tena, polepole, "Malizia maneno."

Nikatazama miguu yangu.

Wakamtoza dume jeusi, akatoa. Wakasema kambi iondoke, ikaondoka. Na wakasema asikanyage malisho yetu tena mpaka yule aliyelitoa neno hilo alirudishe mwenyewe mbele yao. Yaani mimi. Ningeweza kulirudisha kesho yake. Ningeweza kulirudisha wiki ile, au mwaka ule mvua iliporudi na hakuna puto wala kitu. Ufunguo walinipa mimi, nami nikakaa nao miaka kumi na mitano.

Siku lori lilipoondoka alikuja mpaka mpakani, hakuvuka, akaniomba wewe. Nikamwambia mtoto haendi na mtu aliyefunga mvua. Nilimwambia hivyo machoni, wakati watu wazima tulikuwa wawili tu na sote tulijua. Wewe ulikuwa umeshika gauni langu, ulilia ukimnyooshea mikono, nami nikakushika mabega. Yeye aligeuka nyuma, Agnesi. Aligeuka mpaka lori likapotea.

Vile vitabu unavyovipenda, vyenye picha za mawingu, havikutoka parokiani. Parokia ingepata wapi vitabu vya mawingu? Kila mwaka vilikuja dukani kwa Mzee Salimu, pamoja na viatu na daftari na karatasi yenye vipimo vya mguu aliokuwa anakisia umekua. Nilikuwa nachana ile karatasi na kukuletea vitabu. Nilijiambia kwamba angalau nakupa. Ukalala navyo, ukaanza kunieleza mimi majina ya mawingu, ukaanza kuniambia utasomea hali ya hewa, na nilikutazama nikafikiri: huyu mtu amemlea mtoto wake kutoka mbali na mtoto hajui.

Alikuwa akimpigia Salimu simu kila mwisho wa mwezi. Mimi nilikataa kuongea naye. Lakini siku hiyo sikuikosa. Nilikuwa nakwenda dukani, nasimama mbele ya chumvi, nachagua. Pakiti za chumvi zote ni sawa, nilichagua kwa miaka kumi na mitano, na Salimu hakunicheka hata siku moja. Alikuwa anaongea kwa sauti kidogo kuliko inavyohitajika. "Ndiyo Tomasi, mtoto amefaulu kidato cha pili." "Ndiyo, bibi yake mzima, anachagua chumvi." Kwa njia hiyo nilijua kwamba alipanda cheo, kwamba siku hizi anarusha mapira makubwa yanayokaa juu siku nzima yakipima mavumbi na moshi na ukavu wa hewa, kwamba ameitwa nchi za watu kufanya hivyo na wenzake, kwamba yale madaftari aliyobeba siku ile yalifanyiwa kazi na watu wakayasoma na kusema hewa ya mbuga zetu imeeleweka sasa kidogo. Hakuoa tena. Hilo Salimu alilisema kwa sauti kubwa kuliko yote. Nikanunua chumvi nikarudi.

Basi juzi ukasema lile la shikamoo. Jana nikatuma neno kwa wanawake. Leo asubuhi uliniona nimevaa sketi ya ngozi ukaniuliza kama kuna msiba, nikakujibu upo. Nilikuwa nakwenda kulimaliza neno.

Nikasimama pale pale. Wengi wa wale wa zamani wamefariki, na mahali pao wamekuja wake za wajukuu wao. Nikasema yote, kuanzia mlangoni pa zizi: haitanyesha kwa wakati wake, uza nusu, waambie majirani. Nikasema kwamba nilijua maana yake na niliikata kwa makusudi ili nisionekane mjinga. Nikangoja kelele.

Hakukuwa na kelele. Udagamoi, ambaye sasa anaona kwa jicho moja na hilo moja ni kali, akasema, "Tulijua."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Sio yote, lakini tuliona umekata. Mtu gani anamfuata mama yake zizini kumwambia sentensi moja halafu anaondoka? Ila ng'ombe wetu walikuwa wamekufa na tulimtaka mtu. Na wewe tulikuwa tunakuogopa. Mdomo wako ulivyo, nani angekwambia umalizie?"

Nimekuwa nikijivunia kwa miaka mingi kwamba hakuna anayethubutu kunijibu hapa Gehandu. Leo nimeambiwa hiyo ilikuwa nini. Wakanitoza mtamba, nimekubali bila kubishana, na wengine walishtuka kwamba sibishani. Neno limeondolewa. Baba yako anaweza kukanyaga popote.

Udagamoi akasema haitoshi kuondoa, lazima nimwite kwa sauti yangu mwenyewe. Nikapanda boda boda mpaka Katesh, mimi na magoti yangu. Salimu alipoona siendi kwenye chumvi akatoa simu mfukoni kabla sijasema. Ikaita. Unajua alisema nini kwanza? Alisema, "Shikamoo mama." Kabla hajajua nimepiga kwa ajili gani. Miaka kumi na mitano. Nilishindwa kusema marahaba. Salimu akaenda kupanga sabuni zilizokuwa zimeshapangwa.

Nikamwambia, "Nimemalizia maneno." Nikamwambia nilisema nini leo na mbele ya nani. Halafu nikamsikia anapumua. Halafu akauliza, "Mama, huko mawingu yakoje?"

Sikutegemea hilo. Nikatoka nje ya duka nikatazama, nikamweleza kama ulivyonifundisha wewe: mazito, meusi chini, yanajenga upande wa mlimani, na watu wote wameshatoa mbegu. Akasema, "Itanyesha siku mbili au tatu. Kisha itakatika, wiki tatu, pengine zaidi. Wanaopanda sasa mbegu zao zitaota na kukauka. Wasubiri mvua ya pili. Na safari hii waambie, Mama."

Nikamuuliza habari zako. Akasema atakungoja stendi. Nikamwambia ukweli, kwamba umesema hutamwamkia. Akasema, "Basi nitamsalimia mimi. Hajakosea, amesema alichoambiwa."

Sikuombi umwamkie. Ni shikamoo yako, umekua. Lakini ukimnyima, mnyime kwa kosa lake mwenyewe ambalo utamkuta nalo, maana naye ni binadamu, hakosi kuwa nalo. Moja nitakupa mimi: hakupaswa kuniambia mimi peke yangu. Neno la watu wote alilileta kwa mama yake zizini kwa sababu alitaka nimwamini mimi kwanza. Wewe ukiijua mvua, toka nje useme kwa wote, mpaka mwisho wa sentensi, hata mbele ya watu wanaokuogopesha. Na mtu akikata maneno yako mbele yako, usingoje ayamalizie yeye. Mwanangu alikuwa na adabu kupita kiasi siku ile, na adabu ile nilimfundisha mimi kwa fimbo.

Wala usinisamehe haraka ili nijisikie vizuri. Kasirika kwanza. Ukiwa tayari kupiga simu, piga kwa Salimu mwisho wa mwezi, nitakuwepo, na ukinigombeza nitasikiliza. Sijui kama nitaweza. Nitajaribu.

Sasa radi imeanza upande wa mlimani na ng'ombe wa plau wa jirani wameshatolewa. Nikirudi kutoka Katesh nimepita nyumba nne nikawaambia: mwanangu Tomasi amesema msipande bado. Wawili wamenisikiliza. Mmoja amecheka. Mmoja ameniuliza kama puto limerudi. Mvua isipokatika nitachekwa mimi, na ikikatika hatakosekana atakayesema ni mimi na mwanangu tulioikata. Najua wanavyosema hayo. Mimi ndiye niliyewafundisha.

Chakula chako cha jioni nimekifunika jikoni. Utakaposoma haya utajua kwa nini uliporudi hukunikuta. Zimebaki nyumba sita na jua bado lipo.

Bibi yako